Mgongo Wenye Masikio

Lukumani Nassoro anaijua Kisangani nzima, ila uso wa mji huo hajawahi kuuona sawasawa. Kwa miaka kumi na tisa aliubeba mji huu nyuma yake, mtu mmoja baada ya mwingine, juu ya mto wa sponji uliofungwa kwenye keria ya baiskeli. Toleka, ndivyo watu wanavyoziita baiskeli hizo za abiria, na zilikuwa nyingi kama siafu kabla pikipiki hazijazisukuma pembeni. Dereva wa toleka hutazama mbele, kwenye mashimo. Abiria akipanda, dereva huona kiatu na pindo la kitenge, basi. Baada ya hapo mtu hugeuka kuwa uzito na sauti. Na mtu anayezungumza na mgongo husema mambo ambayo mbele ya macho angeyameza.

Ndiyo maana hadi leo mteja akija kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, kule Kabondo, Lukumani hainui kichwa ili amtambue. Husikiliza kwanza. Mwaka jana aliingia bwana mmoja mnene mwenye tai, akauliza kama kuna pampu ya kuazima. Lukumani, akiwa bado ameinamia gurudumu, akamwambia kwamba alikuwa mwepesi zaidi siku zile alipokuwa akimfuata binti wa mchungaji ng'ambo ya daraja la Tshopo, na je, mwishowe alimpata? Bwana yule alikaa chini juu ya tairi kuukuu, akasimulia saa nzima. Pampu aliisahau.

Lukumani ni mwandishi wa hadithi. Na lisemwe wazi, kwa kuwa wapo watu mjini hapa wanaodhani mwandishi ni lazima awe na shahada ukutani na jamaa wa kumchapishia Kinshasa. Yeye shule aliiacha darasa la sita, baba yake alipofariki, akapanda baiskeli. Ana madaftari ishirini na matatu ndani ya sanduku la bati, na kila moja limepita mikononi mwa watu mpaka pembe zake zimekuwa laini kama kitambaa. Wameyasoma washonaji, wauza mawese, walimu wanaoishi kwa kuahidiwa mshahara, wanafunzi wanaosomea taa ya simu. Wakubwa wanatuambia watu wetu hawasomi. Watu wetu husoma mpaka karatasi inachanika. Wanachokosa ni kitu cha kusoma.

Lawama ambayo wasomaji hawachoki kumpa ni kwamba watu wa hadithi zake hawana sura. Wanazungumza vizuri, wanapumua, wanadanganya kwa ustadi, lakini huwezi kujua kama ni warefu au wafupi. Hapo humtegemea mkewe, Nyota, anayesikiliza kila ukurasa huku akipika. Nyota ndiye huwagawia sura. Huyu muweke pengo kwa meno, humwambia. Huyu mupe shingo ndefu, mwanamuke wa shingo fupi hawezi kujibu mukubwa namna hiyo. Lukumani huandika anavyoagizwa.

Kiti na meza havimsaidii kukumbuka. Anapotaka kuandika, huishusha ukutani toleka yake ya zamani, akaipindua matairi juu, akazungusha pedali kwa mkono, polepole, na barabara ikajikunjua kichwani. Kila alichowahi kuambiwa kimelala pale kiliposemwa. Kisa cha mwalimu aliyefumaniwa kimelala kati ya kanisa na kituo cha mafuta. Kifo cha fundi wa redio kinaanzia kwenye mteremko na kukatika ghafla darajani, kwa sababu hapo ndipo msimulizi alipoteremka. Lukumani huzungusha, hufika pale, na sauti anaikuta inamngoja.

Sauti aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mama Ursule.

Mama Ursule ni Mgenya, wa watu wale wanaoishi kwa samaki wa maporomoko. Kwa miaka tisa Lukumani alimchukua kila asubuhi kutoka mtoni hadi sokoni, amekaa upande, beseni mapajani. Maji ya samaki yalimtiririkia Lukumani mgongoni mpaka kwenye mkanda. Nyota, aliyekuwa akiyafua mashati hayo, alisema nyumba hii ina mke mwenza mwenye magamba. Mama Ursule hakuhitaji kuulizwa kitu. Alizungumza juu ya mto. Juu ya marehemu mumewe, aliyekuwa akitembea juu ya miti myembamba, maji yakinguruma chini yake, kumbe maisha yake yote aliogopa maji. Juu ya siku alipompiga askari kwa samaki mbichi. Wakifika sokoni, alipokwisha kushuka, alimpiga kofi begani, kwenye shati lililolowa, akasema maneno yaleyale: "Lukumani, mugongo yako iko na masikio."

Asubuhi hizo zilizaa hadithi yake ndefu kuliko zote, *Jiwe la Kamba*. Binti yake Malika, anayepiga chapa katika kibanda cha fotokopi karibu na chuo kikuu, aliichapa yote, akaitoa nakala arobaini na kuzibana kwa pini. Nakala arobaini, na Kabondo nzima ikawa inaijua.

Ili kuifahamu hadithi hiyo, yafaa kujua kazi ya Wagenya. Kwenye maporomoko husimika miti mikubwa ndani ya matundu ya mwamba, huifunga kwa kamba za porini, na kuning'iniza makapu marefu yenye midomo mipana. Maji hupita kwa hasira, samaki hubaki. Makapu huinuliwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Na hakuna jiwe lisilo na mwenyewe: kila nafasi ni ya nyumba fulani, na hurithiwa kama jina. Katika hadithi ya Lukumani, mjomba mzee anamwachia kijana wa dada yake nafasi nzuri ya kuvulia. Watu wananong'ona kwamba ameazimwa tu. Basi, kwenye ukurasa wa thelathini na moja, mjomba anasimama mbele ya umati, anaweka kamba mikononi mwa kijana na kusema: "Mwenye kamba ndiye mwenye jiwe. Asiulizwe tena na mtu." Wasomaji waliupenda ukurasa huo kuliko mwingine wowote. Dereva mmoja wa pikipiki aliuandika ubavuni mwa tangi lake.

Ukurasa huo ndio uliomleta Anselme.

Alikuja Alhamisi moja ya Februari, mto ulipokwisha kupungua, kitabu akiwa amekifunga ndani ya mfuko wa nailoni. Lukumani hakuwa amewahi kumwona, lakini salamu tu ilitosha. Ilikuwa sauti ya Mama Ursule iliyovaa suruali: huyu alikuwa mwanawe.

Anselme alieleza. Mafuriko ya Desemba yalikuwa yameng'oa miti yote, na sasa kila nyumba ilikuwa ikisimika upya mahali pake. Hapo akatokea binamu yake, Benoît, mjukuu wa mjomba aliyempa marehemu baba yake ile nafasi ya kuvulia. Baba yake Benoît alihamia Ubundu zamani kufanya biashara, wakakaa huko, na mwaka jana Benoît alirudi. Benoît alisema nafasi ile iliazimwa tu, na aliyeazimwa amekwisha kufa, kwa hiyo irudi kwa wenyewe. Waliokuwapo siku zile wote wako makaburini. Amebaki Mama Ursule, naye siku hizi humwita Anselme kwa jina la baba yake, huomba chumvi huku ameishika mkononi. Ukiondoa jiwe lile, Anselme hana kingine, na watoto wake ni sita.

"Lakini iko imeandikwa, Tonton," akasema, akimwita ami kwa Kifaransa, huku akifungua kitabu mahali alipopakunja. "Mama alikuambia, wewe uliandika. Benoît iko na karatasi gani? Hana. Siku ya posho wazee watakaa. Uje, utusomee."

Walichagua Jumamosi, ambayo huku huitwa siku ya posho, kwa heshima: Ijumaa ni ya Lukumani na msikiti wake, Jumapili ni yao.

Lukumani alikubali kabla mgeni hajamaliza. Ni mwandishi gani asingekubali? Kitabu cha fundi wa kuziba pancha kisimame shahidi mbele ya wenye mto. Alimpa Anselme mkono wenye grisi, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akipiga mluzi.

Akaipindua baiskeli. Alitaka kumsikia Mama Ursule akiusema ukurasa ule, ili siku hiyo ausome kwa sauti yake. Akazungusha. Alitoka mtoni, akapita nyumba za wavuvi, kona ya mti wa safu, lile tunda la zambarau, kalvati lililobomoka, ukuta mrefu, soko. Alikuta hofu ya mume mahali pake. Alimkuta askari na samaki. Kamba hakuikuta. Akarudi nyuma, akapita tena, akapita mara ya tatu. Kamba haikuwa popote barabarani. Na bado aliiona. Aliiona waziwazi kuliko vitu vyote vya hadithi ile: mikono ya mzee yenye vinyweleo vyeupe, jua juu ya vichwa vya watu.

Hapo pedali ilisimama. Mambo ya Mama Ursule hakuwahi kuyaona. Aliyasikia tu, mgongoni, miaka tisa. Alichokiona kwa macho kilitoka kwingine.

Alimkuta Nyota uani akitwanga ndizi za lituma, yale madonge ya ndizi. Akamuuliza, kama anayeuliza jambo dogo, ile kamba ya ukurasa wa thelathini na moja aliipata wapi. Nyota alicheka mpaka mchi ukasimama hewani.

"Papa Malika, umesahau arusi yako?"

Kisha akamkumbusha. Baba yake Nyota, mchuuzi wa Banalia, alikuwa ameahidi kumpa mkwewe baiskeli, ile toleka yenyewe ya kwanza. Siku ya ndoa wajomba wakaanza kunong'ona kwamba mzee amemwazima tu, ataitaka kesho. Mzee akasikia. Akasimama mbele ya watu wote, akachukua pampu, akaiweka mikononi mwa bwana arusi na kusema: "Mwenye pampu ndiye mwenye baiskeli. Asiulizwe tena na mtu."

"Ulikuwa umekaa pale pale unaposimama," Nyota akasema. "Ukaniuliza, mutu wa mto anaweza kupewa nini mahali pa pampu? Mimi nikasema kamba. Lituma yangu ikaungua."

Lukumani akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa. Hakuwa amedanganya; hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amekumbuka kwa moyo wote, ila amekumbuka ya nyumba yake na kuyatundika kwenye jiwe la wenzake, na kwa kuwa yalipendeza, yakameza yaliyokuwapo. Maana Mama Ursule aliwahi kumwambia habari ya nafasi ile, hilo alikuwa na hakika nalo. Alimwambia jinsi ilivyokuwa kweli. Yeye akasikia, akaona haina ladha, akaweka ya kwake juu. Sasa alikuwa akikwangua na kukwangua, na chini hakukuwa na kitu.

Alimweleza mkewe yote: Anselme, Benoît, Jumamosi. Akamwambia pia jambo alilokuwa hajathubutu kujiambia mwenyewe, kwamba akinyamaza na kusoma tu, hakuna atakayejua isipokuwa wao wawili, na watoto sita watakula.

Nyota alirudi kutwanga. Alitwanga mpaka ndizi zikalainika.

"Pampu ya baba yangu," akasema mwisho, "haikuvua samaki hata siku moja."

Ijumaa, baada ya sala, Lukumani aliichukua toleka yake ya zamani iliyoning'inia ukutani, akaitia mafuta, akafunga mto mpya wa sponji kwenye keria. Nyota alimtazama mumewe, akalitazama na goti lake lililochakazwa na pedali.

Kikao cha Jumamosi kilikuwa ndani ya kanisa dogo karibu na maji, mahali ambapo mtu lazima apaze sauti ili ayashinde maporomoko. Aliyekalia kiti ni Papa Bonheur, mzee ambaye neno lake ndilo hugawa nafasi za kuvulia. Kilipangwa kuanza saa sita, kikaanza saa nane, na Benoît akapewa nafasi ya kwanza. Alikuwa kijana mcheshi, si mtu mbaya. Alisimulia alivyolelewa Ubundu, akiambiwa tangu utotoni kwamba kule Kisangani babu yake ana jiwe. Aliporudi akakuta kila mtu analiita jiwe la Anselme, na yeye anasalimiwa kama mgeni wa treni. Watu walimcheka, kisha wakaacha kucheka. Karibu na mlango alikaa Mama Ursule, mdogo kuliko sauti yake, amekumbatia beseni tupu. Walisema siku hizi hakubali kutoka nyumbani bila beseni.

Papa Bonheur akamwita Lukumani. Akasimama, akafungua ukurasa wa thelathini na moja, akausoma. Aliusoma vizuri, kwa sababu ulikuwa mzuri na kwa sababu hajui kusoma vibaya. Alipofika kwenye kamba, wazee walikuwa wakitikisa vichwa kukubali na Anselme alikuwa akitabasamu. Lukumani akakifunga kitabu.

"Wazee wangu," akasema, "ukurasa huu ni arusi yangu mimi."

Akawaeleza habari ya pampu. Hakuficha kitu, hata lituma iliyoungua. Aliwaambia kwamba hadithi huokota kuni kila mahali ili ipike chungu kimoja. Ukishakula, huwezi kusema mwali huu ulitoka kwenye mti gani. Kwa hiyo mtu asikate shauri la jiwe la mtu kwa kitabu cha hadithi.

Wazee wakaacha kutikisa vichwa.

"Basi, Papa ya toleka," Benoît akasema, "tumekaa tangu saa sita kusikiliza arusi yako. Na chakula iko wapi?"

Kanisa zima lilicheka, isipokuwa mtu mmoja. Anselme alimtazama Lukumani kama mvuvi anavyomtazama mwenzake aliyeachia kamba.

"Tonton," akasema polepole, "mama yangu alikulowesha mugongo miaka tisa."

"Ndiyo," Lukumani akajibu. "Na habari ya jiwe hili alinipa, barabarani, najua. Sikuiandika, na nisichokiandika nimekipoteza. Lakini mimi sikumbuki nikiwa nimekaa. Munipe mama, munipe na njia."

Wazee walinong'onezana. Mmoja aliuliza kama mwandishi ana homa. Papa Bonheur alimtazama Mama Ursule, ambaye alikuwa amekwisha kuiona baiskeli nje ya mlango na alikuwa ananyanyuka.

"Kubeba mama muzee haikatazwi," akasema. "Lakini Benoît atembee kando yao. Asikie kwa masikio yake."

Lukumani aliliomba beseni, akateremka hadi ukingoni, akalitia maji ya mto kiasi. Watu wakamshangaa, naye akamrudishia mama beseni lake. Alipoishika baiskeli, Mama Ursule akapanda, upande, beseni mapajani, kwa mruko mmoja mdogo, kana kwamba aliteremka jana. Ulikuwa uzito mpya, nusu ya ule wa zamani. Lukumani alikanyaga pedali na goti likapiga kelele. Hatua chache, na maji yakaanza kumdondokea mgongoni, tone, tone, kisha mchirizi, mpaka kwenye mkanda.

Benoît alikimbia kando kidogo kidogo, akitania. Aliuliza kama mashahidi hawapewi nao keria. Aliuliza kama watafika Banalia. Walipita nyumba za wavuvi. Mama Ursule alikuwa akivumisha wimbo usio na maneno, na Lukumani hakumuuliza kitu, maana hakuwahi kumuuliza. Wakaipinda kona ya mti wa safu, na hapo barabara inanyooka kuelekea mjini. Wimbo ukakatika.

Miaka tisa walipita hapo na jua likiwa nyuma yao, limetoka tu. Sasa ilikuwa saa kumi na nusu, na jua lilikuwa mbele, limewakodolea macho.

"Lukumani," sauti ikasema mgongoni.

Ilikuwa sauti yenyewe, nzima.

"Naam, Mama."

"Jua iko mbele. Hii ni mangaribi."

"Ndiyo, Mama, ni mangaribi."

Mama Ursule akaushika mkanda wa Lukumani kwa nguvu. "Unanipeleka soko na samaki ya mangaribi? Simama. Asubui ni yetu, mangaribi ni ya nyumba ya mujomba. Unataka waseme mume yangu iko mwizi? Simama, nirudishe ile samaki kwa wenyewe."

Lukumani alifunga breki. Na hapohapo, chini ya mti uleule, neno lilitoka lilipokuwa limelala. Mwaka wa pili au wa tatu wa kumbeba, alimtania: wenzako huuza samaki wa jioni pia, wewe mbona hunipi kazi ya jioni? Naye akajibu bila kugeuza hata pumzi kwamba jioni si yao. Mjomba alimpa mumewe nusu ya siku, nusu akabaki nayo. Basi. Lilikuwa jambo la zamu tu, kama kupokezana kisima. Lukumani alipokuja kuandika aliliruka. Aliona watu hawatalia kwa ajili ya nusu ya siku.

Kumbe nyumba ya mjomba ilipohamia Ubundu, makapu ya jioni yalibaki hayana wa kuyainua, na Anselme, aliyekuwa bado mdogo, alikua akiyaona makapu yote ya siku yakiinuliwa kwao. Na Benoît alikua akiambiwa habari ya jiwe bila kuambiwa habari ya saa. Kila mmoja alirithi ukweli uliokatwa katikati.

Benoît alikuwa amesimama, mkono juu ya keria, anahema. Angeweza kusema hakusikia. Hapakuwa na shahidi mwingine isipokuwa mwandishi aliyekwisha kukiri kwamba hubuni. Alimtazama yule mama mzee, aliyekuwa akiona aibu ya wizi ambao haukuwapo.

"Mama," akasema taratibu, "usiogope. Mimi ni wa nyumba ya mujomba. Nipe, nitaifikisha."

Mama Ursule alimchunguza, akampa beseni. Benoît alilibeba njia nzima ya kurudi kanisani kwa mikono miwili, akitembea polepole asimwage. Ndani yake mlikuwa na maji tu.

Alilitua mbele ya Papa Bonheur na kusema mwenyewe, bila kuombwa: asubuhi yao, jioni yetu. Wazee walizungumza kidogo, kwa desturi tu. Jiwe moja, miti waisimike pamoja, siku waigawane kama ilivyogawanywa. Anselme alikuwa amepoteza nusu na kuokoa nusu, na uso wake ulikuwa bado haujaamua. Lakini alitoka nje, akaishika baiskeli mama yake ashuke. Mama Ursule akateremka, akajinyoosha kitenge, akampiga Lukumani kofi begani, kwenye shati lililolowa. Safari hii hakusema neno. Labda lilikuwa limempotea njiani. Lukumani alingoja kidogo, kisha akaondoka.

Nyumbani Nyota alilinusa shati lile kabla ya kuliloweka. Akasema leo mke mwenza amekuja bila magamba.

Wiki mbili zilipita. Watu wakaanza kuja kibandani kuuliza kama ukurasa wa thelathini na moja utafutwa. Yule wa pikipiki alikuja na wasiwasi wa tangi lake. Nyota aliwajibu kwa niaba ya mwandishi kwamba baba yake hafutwi. Lukumani mwenyewe alikuwa amefungua daftari la ishirini na nne. Alikuwa amezungusha pedali siku nzima akitafuta mambo aliyoyaruka: zamu, saa, bei ya chumvi mwaka fulani, nani alimwazima nani ngazi. Mambo yasiyo na ladha. Yalikuwa mengi ajabu, na kila moja lilikuwa mahali pake, limekaa kando ya barabara kama abiria aliyepitwa.

Asubuhi moja Anselme akaja. Nyuma ya baiskeli yake alikuwa amempakia mama, na samaki wawili wakubwa kwenye majani. Alisema mama anasumbua, anataka kusomewa ile hadithi ya kamba. Alisema hivyo akitazama chini, na mwishowe akacheka.

Lukumani alimkalisha Mama Ursule kwenye kigoda kizuri. Akachukua kingine, akakigeuza, akakaa akimpa mgongo, kitabu magotini, akamsomea. Mjomba akasimama mbele ya watu. Kamba ikawekwa mikononi. Asiulizwe tena na mtu.

"Haikukuwa hivi," sauti ikasema nyuma yake.

Lukumani hakugeuka. "Ilikuwa namna gani, Mama?"

Pikipiki zilipita, Anselme akawa anaangalia viatu vyake.

"Sijui tena," Mama akasema. "Lakini hii si mbaya. Soma mara ingine."